Mstari mtupu: jinsi mafundi walivyopima kelele za televisheni bila kuizima

Leo naweka kando hifadhidata na seva, tuongee historia kidogo, maana kuna swali linalonifuata kila siku kazini na lina umri mkubwa kuliko kompyuta zenyewe. Swali ni hili: unaupimaje mfumo usioruhusiwa kuuzima? Sisi tunaoandika programu tunalijua vizuri. Mfumo wa malipo uko hewani, watu wanalipa karo na nauli, na wewe unahisi kuna kitu kinaumwa ndani. Ukiuzima ili uchunguze, simu zitaanza kulia kabla hujafungua faili la kwanza. Usipouzima, unakagua gurudumu la matatu huku linazunguka.

Waliolijibu swali hilo kwa namna inayonifurahisha kuliko wote ni mafundi wa televisheni, hasa televisheni ya waya. Jibu lao lilikuwa jepesi kiasi kwamba nilipolielewa mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti. Lakini tusikimbie. Tuanze na milima.

Televisheni ya waya ni mtoto wa milima. Mwaka 1948 huko Marekani, katika mji wa Mahanoy City, Pennsylvania, mfanyabiashara John Walson alikuwa na duka la vifaa vya umeme na televisheni zisizonunulika, kwa kuwa mji uko bondeni na mawimbi ya Philadelphia yalipita juu ya vichwa vya watu. Akasimika antena mlimani, akashusha waya hadi dukani, na njiani akawaunganisha majirani. Mwaka huohuo, upande wa pili wa nchi, Ed Parsons wa Astoria, Oregon, alinasa stesheni ya Seattle iliyokuwa umbali wa kilomita 200 hivi kwa antena iliyokaa juu ya paa la hoteli, naye akavuta waya. Wanahistoria bado wanabishana ni nani alitangulia. Kwangu hilo si neno. La maana ni kwamba watu hawa hawakuwa na stesheni wala studio. Walikuwa na antena moja nzuri mahali pazuri, na waya mrefu.

Ukisoma habari hizo ukiwa Tawa unacheka peke yako. Sisi tuko Mbooni, kaunti ya Makueni, na milima tunayo ya kugawa. Televisheni ilifika Kenya mwaka 1962, mtambo wa kwanza ukasimikwa Limuru, na husemwa ulifikia eneo la maili 15 tu, yaani kama kilomita 24. Kutoka Limuru hadi Tawa, ukipima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, ni kama kilomita 100. Mwaka 1964 shirika likawa Sauti ya Kenya, mwaka 1970 Mombasa ikapata kituo chake, mwaka 1989 jina la KBC likarudi, na mwaka 1990 KTN ikaanza Nairobi. Mitambo iliongezeka, mawimbi yakasogea. Waya wa Walson, hata hivyo, haukufika kwetu. Kila boma lilikuwa na erio yake juu ya mlingoti, na kila mlingoti ulikuwa na mtoto wa kuuzungusha.

Mtoto huyo nilikuwa mimi. Tulikuwa na Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ikila betri ya gari. Mimi nje nashika mlingoti, dada yangu dirishani anapokea habari na kuzipitisha, na ndani susu (yaani nyanya) amekaa karibu na kioo kuliko watu wote, yeye ndiye hakimu. Alikuwa na madaraja yake. "Nzuri" maana yake niondoke nisiguse tena. "Naona watu" maana yake tunaweza kuvumilia hadi habari ziishe. "Naona mvua" maana yake endelea kuzungusha. Mvua aliyoisema ndiyo wengine wanaita chenga.

Msimcheke susu. Mwaka 1959 huko Marekani jopo la wahandisi lililoitwa TASO lilitoa ripoti yake baada ya kuwakalisha watazamaji wa kawaida mbele ya picha zenye viwango tofauti vya chenga na kuwauliza wanaonaje. Na mwaka 1974 kamati ya kimataifa ya redio, CCIR, ilitoa pendekezo lake namba 500, lenye kipimo cha madaraja matano: kasoro haionekani, inaonekana lakini haiudhi, inaudhi kidogo, inaudhi, inaudhi sana. Wataalamu wa Geneva walikuwa na madaraja 5, susu alikuwa na 3, na wote walitumia chombo kilekile: jicho, wakati kipindi kinaendelea. Huo ndio upimaji wa kwanza usiokatiza matangazo, na kwa miaka mingi vijijini ndio ulikuwa wa pekee.

Sasa, chenga ni nini? Hapa inabidi tuingie ndani kidogo, msiniache. Mwaka 1928 John Johnson na Harry Nyquist, wote wawili wazaliwa wa Sweden waliokuwa wakifanya kazi Marekani katika kampuni za Bell, walichapisha maelezo ya kelele inayotoka kwenye waya wenyewe. Elektroni haitulii. Mradi kitu kina joto, elektroni zake zinatikisika, na mtikisiko huo ni umeme mdogo usio na mpangilio. Katika mfumo wa waya wa omu 75, kwa upana wa chaneli moja ya picha, kelele hiyo ni kama mikrovolti 1.1. Kwa hesabu za desibeli ni 59 chini ya milivolti moja. Hiyo ni sakafu ambayo hakuna fundi awezaye kuichimba. Unachoweza kufanya ni kusimama mbali nayo, yaani kuhakikisha picha inaingia ikiwa na nguvu nyingi kuliko kelele.

Tatizo la televisheni ya waya ni kwamba waya hunyonya. Kila baada ya mita mia kadhaa picha imedhoofika na inahitaji amplifaya, na kila amplifaya inakuza picha pamoja na kelele iliyokuja nayo, kisha inaongeza kelele yake. Chukua mfano: picha inaingia kwenye amplifaya ikiwa desibeli 10 juu ya milivolti moja, na amplifaya inachangia kelele ya desibeli 9. Tofauti ya picha na kelele ni 59 jumlisha 10 toa 9, yaani 60. Safi kabisa. Panga amplifaya 20 za namna hiyo, moja baada ya nyingine, unapoteza desibeli 13. Mtu wa mwisho kwenye waya anapata 47.

Utasema basi tuongeze nguvu, picha iende juu ya kelele. Ndipo anapoingia adui wa pili, mvurugiko. Amplifaya ikisukumwa sana haikuzi kwa unyoofu, inapinda. Na waya unaobeba chaneli nyingi kwa pamoja ukipita kwenye kifaa kilichopinda, chaneli zinazaana: chaneli mbili zinazaa ya tatu isiyokuwepo, tatu zinazaa ya nne, na watoto hao haramu wanaangukia juu ya chaneli halali za watu wengine. Waliozaliwa na wawili wanaonekana kama mistari ya mshazari inayotembea kwenye picha. Waliozaliwa na watatu ni wengi zaidi na wanarundikana palepale lilipo wimbi linalobeba picha, nao huonekana kama michirizi ya kulala, kama vumbi lililofagiwa.

Ugonjwa huu ulijulikana kwenye simu kabla ya televisheni. Harold Black wa Bell Labs aliuhangaikia miaka kadhaa, na asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa kwenye feri akienda kazini New York, akapata jibu: rudisha sehemu ya kinachotoka uilinganishe na kinachoingia, kosa lijifute lenyewe. Hakuwa na karatasi, akachora kwenye ukurasa wa gazeti la The New York Times. Mpaka leo amplifaya nyingi hutengenezwa kwa wazo lile. Lakini linapunguza mvurugiko tu, haliuondoi.

Kwa hiyo fundi wa waya anaishi juu ya pembea. Tuseme kila amplifaya katika ule mfano wetu ina mvurugiko wa watatu ulio desibeli 80 chini ya picha. Zikiwa 20 mvurugiko unajumlishwa vibaya kuliko kelele, unapoteza 26, unabaki na 54. Sasa pandisha nguvu kwa desibeli 3. Kelele inakuwa bora, kutoka 47 hadi 50. Mvurugiko unaharibika mara mbili ya hapo, kutoka 54 hadi 48. Sheria za Marekani, ambazo mafundi wa waya wa nchi nyingi walizisoma kama mwongozo, zilidai angalau 43 kwa kelele (kuanzia katikati ya mwaka 1995, kabla ya hapo zilikuwa laini zaidi) na 51 kwa mvurugiko. Desibeli 3 tu zimekutoa nje ya sheria upande wa juu. Shusha nguvu kwa 5, umetoka nje upande wa chini. Na nafasi hiyo finyu haitulii, kwa maana waya wa shaba hunyonya zaidi siku ya joto: asilimia 1 kwa kila nyuzi 5 na nusu hivi. Ulichopanga asubuhi si ulicho nacho saa nane mchana.

Ndiyo maana kupima mara moja siku ya kufungua mtambo hakukutosha. Ilibidi kupima tena na tena. Na kupima kulimaanisha kuzima.

Fikirieni. Ili usikie kelele iliyo chini ya picha, ni lazima picha inyamaze. Ni kama kutaka kusikia injini ya basi wakati kondakta anapiga kelele mlangoni. Fundi alisafiri hadi mwisho wa waya na mashine yake ya kuchora masafa, akampigia mwenzake aliyeko kwenye kituo: "Zima chaneli ya 5." Chaneli ikafa kwa wateja wote wa mji. Akasoma sakafu ya kelele, akaandika. "Washa. Zima ya 9." Kazi hiyo ilifanywa usiku wa manane ili wenye hasira wawe wachache. Na hapo kuna kichekesho kichungu: usiku wa manane ni baridi, mzigo ni mdogo, kwa hiyo ulipima mfumo ambao si ule unaolalamikiwa saa nane mchana. Wenzangu wa programu mnaujua ugonjwa huu. Kwenye mashine yangu inafanya kazi vizuri, au siyo?

Sasa tufike kwenye ule wepesi nilioutaja mwanzoni. Ili tuuelewe inabidi turudi hadi mwaka 1936, BBC ilipoanza matangazo ya kila mara kutoka Alexandra Palace, London. Picha ya televisheni ilichorwa na mshale wa elektroni unaopita kioo mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Ukifika chini lazima urudi juu kuanza upya, na saketi za wakati ule zilikuwa nzito, zilihitaji muda. Basi waliobuni mfumo wakaacha mistari kadhaa mitupu, bila picha, ili mshale upate nafasi ya kurudi. Katika mfumo wa mistari 625 tuliotumia Kenya, picha iliyoonekana ilikuwa mistari 575 tu. Ile 50 mingine ilitumwa angani kila mara, mara 25 kwa sekunde, na hakuna aliyeiona.

Kusema kweli baadhi yetu tuliiona. Mnakumbuka picha ilipoteleza, ikipanda juu kama inayovutwa, na katikati ya kioo kukawa na utepe mweusi? Nyuma ya Great Wall kulikuwa na kifundo cha kuituliza. Utepe ule mweusi ndio ile mistari mitupu. Mimi kama mtoto niliudhani ni mpaka wa sinema. Kumbe ni ghala.

Saketi zilipokuwa nyepesi zaidi, mshale haukuhitaji tena muda wote ule, ila mfumo haukuweza kubadilishwa kwa sababu mamilioni ya televisheni yalikuwa tayari majumbani. Nafasi ikabaki bure na wajanja wakaanza kuhamia. Mwaka 1974 BBC ilianza kutuma kurasa za maandishi humo, huduma iliyoitwa Ceefax. Na wahandisi wa vipimo wakajichukulia mistari yao: 17, 18, 330 na 331 ikawekwa maumbo maalumu ya kupimia, mapigo na ngazi za mwanga ambazo kila mtu anajua zilivyotoka, ili mwisho wa safari uone zimepindwaje. Kipindi kinaendelea, mtu anatazama mpira, na kipimo kinapita juu ya kichwa chake mara 25 kwa sekunde.

Mzuri kuliko yote kwangu ni mstari wa 22, kwa sababu haukuwekwa kitu. Waliuacha mtupu makusudi. Mstari usio na picha ukifika kwako, chochote unachokikuta ndani yake ni kelele ya njiani. Hakuna haja ya kumnyamazisha kondakta, subiri tu avute pumzi.

Kusubiri huko kulihitaji mashine yenye lango la haraka. Mstari mmoja mzima, pamoja na alama zake za mwanzo, ni mikrosekunde 64, na sehemu inayopimika ni 52 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji kama Hewlett-Packard walianza kuuza mashine za kuchora masafa zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya waya, ile 8591C ikiwa mojawapo, zilizoweza kuhesabu mistari, kufungua lango kwenye ule mtupu tu, kupima, na kufunga kabla picha haijarudi. Piga hesabu: mikrosekunde 52 mara 25 ni milisekunde 1.3. Katika kila sekunde mashine inatazama kwa muda huo tu, iliyobaki imefumba macho. Ukitaka ikusanye sekunde moja kamili ya kutazama, uisubiri karibu dakika 13. Lakini dakika hizo 13 zinaweza kuwa za saa nane mchana, jua kali, mji mzima ukitazama, na hakuna hata mteja mmoja anayejua uko pale juu ya ngazi. Kwa ujanja huo waliweza kupima kelele na ule mvurugiko wa chaneli mbili, ambao huangukia pembeni kidogo mwa wimbi linalobeba picha.

Ule wa watatu uliwashinda. Unajificha nyuma ya wimbi lenyewe, na wimbi halikomi hata kwenye mstari mtupu. Huyo aliendelea kupimwa usiku kwa kuzima. Na kulikuwa na mtego mwingine ambao mtu wa programu ataupenda: kelele uliyoikuta kwenye mstari wa 22 ni ya nani? Kama kituo cha waya kilinasa chaneli kutoka setilaiti kwa sahani iliyoelekezwa vibaya, kelele iliingia mle kabla ya waya kuanza, nawe unaulaumu waya bure. Dawa ilikuwa kufuta mstari ule pale kituoni na kuweka mwingine safi kabla ya kuusukuma kwenye waya. Ndivyo tunavyofanya leo tunapoweka alama ya wakati kwenye kila ombi linapoingia mlangoni mwa seva, ili tujue kuchelewa kulianzia ndani au nje.

Waya wenyewe ulifika Kenya kwa uzito mijini tu. Wananchi Group ilitandaza mchanganyiko wa faiba na waya wa koaksia mitaa ya Nairobi, baadaye Mombasa, ikauza televisheni na intaneti kwa jina la Zuku. Kufikia hapo dunia ilikuwa imeshaanza kuhamia dijitali, na katika dijitali hakuna mstari wa 22. Nilipofika hapa kwenye usomaji wangu nilihuzunika kidogo. Kisha nikaona ujanja haukufa, ulibadilisha nguo tu.

Katika televisheni ya dijitali ya Ulaya kwa waya, kiwango cha mwaka 1994, kila furushi la baiti 188 husafiri na baiti 16 za ziada zilizohesabiwa kwa kanuni ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960. Kwa baiti hizo mpokeaji anaweza kusahihisha hadi baiti 8 zilizoharibika bila kuuliza mtu. Wewe unaona picha safi. Kimyakimya ndani ya kifaa kuna hesabu ya baiti ngapi zimesahihishwa, na hesabu hiyo ikipanda ujue waya unaumwa, siku kadhaa kabla mteja hajaona lolote. Pia kuna kipimo kinachoitwa MER. Fikiria shamba lenye mashimo 64, safu 8 kwa 8, na mtu anakurushia mbegu kutoka mbali. Unajua kila mbegu ililenga shimo gani, kwa hiyo unapima imeanguka umbali gani kutoka katikati. Zikianguka katikati, hewa imetulia. Zikianza kutawanyika hadi ukingoni, kuna upepo, ingawa bado hakuna iliyokosea shimo. Unapima upepo kwa kupanda tu.

Modemu za intaneti za waya zilienda mbali zaidi. Tangu kiwango cha DOCSIS 2.0 cha mwaka 2001, mfumo husahihisha mawimbi ya modemu kwa kichujio chenye nafasi 24, kikifuta mwangwi unaotoka kwenye viungo vibovu. Karibu mwaka 2010 watu wa CableLabs walianza kuwafundisha wenye kampuni kusoma kichujio chenyewe: kama nafasi fulani ina nguvu isiyo ya kawaida, kuna mwangwi, na ukijua muda wake unajua umbali. Nafasi moja ni nanosekunde 195. Katika waya wimbi hutembea kama mita 51 kwa muda huo, kwenda na kurudi, kwa hiyo hatua moja ni mita 25 hivi. Kampuni inaweza kukaa ofisini ikajua kiungo kilichooza kiko kati ya nguzo gani na gani. Kwenye faiba ni hivyohivyo: huduma hupita kwenye rangi za mwanga za nanomita 1310, 1490 na 1550, na fundi hutuma mwanga wake wa kupimia kwenye 1650, rangi ambayo mteja haitumii.

Sasa hapa ndipo ninapokuwa na neno langu. Katika historia hii yote kuna kitu kimehama, na sijaona watu wengi wakilisema. Susu alikuwa na kipimo. Chenga zilikuwa kipimo cha umma, kila mtu alikisoma bila shule. Picha ikiwa na mvua kidogo, erio imegeuka. Mvua ikiwa nyingi kwa boma zote, mtambo una shida. Kioo kikijaa chenga tupu, mtambo umezimwa. Dijitali inaficha hali hizo zote nyuma ya picha safi, hadi inapokatika ghafla na kukuachia kioo cheusi na maneno mawili ya Kiingereza.

Kwa nchi nyingine hilo ni jambo dogo. Kwetu, tarehe 14 Februari 2015 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analojia ya NTV, KTN na Citizen katika mvutano wa kuhamia dijitali, na stesheni hizo hazikurudi hewani hadi mwanzoni mwa Machi. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizizima tena siku ya kile kiapo cha Raila Odinga pale Uhuru Park, Mahakama Kuu ikaamuru zirudishwe, na Citizen ilikaa zaidi ya wiki nzima nje. Kioo cheusi cha siku zile kwenye king'amuzi cha mtu wa Tawa hakikuwa tofauti hata kidogo na kioo cheusi cha erio iliyoangushwa na ng'ombe. Kelele inapimwa sasa kwa ustadi ambao Johnson na Nyquist wasingeuota, kila sekunde, bila kuzima chochote. Lakini namba ziko ofisini kwa mwenye kampuni. Aliyebaki nazo zamani alikuwa bibi mmoja kwenye kigoda.

Si kwamba zimeondolewa kabisa. Ving'amuzi vingi vina ukurasa, mara nyingi ndani ya menyu ya kutafuta stesheni, wenye mistari miwili: nguvu na ubora. Nguvu peke yake haikwambii mengi, hata kelele ina nguvu. Wa kutazama ni ubora, kwani huo kwa kawaida hutokana na MER au na hesabu ya makosa. Ukiwa na nguvu nyingi na ubora mdogo, usinunue amplifaya, utaongeza tatizo, kagua viungo vya waya na uelekeo wa erio. Ubora ukiwa mzuri na stesheni moja tu haipo, tatizo haliko kwako. Zote zikiwa sifuri na jirani yuko hivyohivyo, tazama upande wa mtambo.

Nimejaribu ving'amuzi vitatu hapa nyumbani. Kimoja kinaonyesha mistari hiyo kwenye kona huku picha inaendelea. Viwili vinafunika kioo chote, yaani ili upime lazima ukatize mpira! Kama una kingine kinachoonyesha bila kukatiza, nitajie jina la toleo lake hapo chini nikiweke kwenye orodha.